Herufi za Baba kwenye Pakiti ya Maziwa

Nyumbani kwa Mama
4 Machi

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Mama hajambo, isipokuwa huo ukungu wa machoni umezidi. Jana alinisalimia kwa jina la shangazi, kisha akasema kosa ni langu kwa kunenepa. Upasuaji ni wiki ijayo.

Usishangae kuona nakuandikia kwa karatasi. Mama hataki habari za nyumba zipite kwenye simu. Anasema simu ni ya watu wenye haraka ya kudanganya. Anataka barua, isomwe kwa sauti, na msomaji asirukeruke mistari. Kwa hiyo ukiwa na jambo lisilomfaa, liandike kwenye karatasi ya pembeni nami nitalificha chini ya godoro langu.

Sasa tuje kwenye lililonikosesha raha njia nzima. Asubuhi ninaondoka nilimwona yule Bwana Suluhisho wako akiingia ofisini na mkoba wake wa magurudumu. Mtu mzima anayevuta mkoba kutoka kwenye gari hadi mlangoni, hatua ambazo hata kuku hazimchoshi! Najua anachokuja kukuimbia: tuache kompyuta zetu, tuhamie mfumo mwingine, eti dunia nzima imehama. Dunia nzima haichori lebo. Sisi ni ofisi ya usanifu, na mashine zile ndizo zilizochora kila bango na kila pakiti tangu Baba alipokuwa hai.

Tena ndani ya mashine yangu ndimo zilimo herufi za Baba. Alizichora kwa wino, akaniletea karatasi moja moja, nami nikazifuatisha kwenye skrini miezi mingi mpaka macho yakanitoka machozi. Ndizo zinazoandika "maziwa" kwenye pakiti ya watu wa maziwa. Karatasi zenyewe ziliharibika bomba la stoo lilipopasuka, hilo unalijua, kwa sababu wewe ndiye uliyesema fundi wa bomba anaweza kusubiri. Zikipotea na hizi za kwenye mashine, mkono wa Baba umetutoka moja kwa moja.

Hapa jikoni makopo ya Mama bado yana maandishi yake: chumvi, sukari, majani ya chai. Fikiria mwanamume anayempenda mkewe mpaka anamwandikia chumvi. Wewe mkeo unamwandikia nini zaidi ya "nachelewa"?

Usiguse kompyuta yangu mpaka nirudi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Dada yako


Ofisini
12 Machi

Dada, shikamoo. Na wewe Mama shikamoo, najua unasikiliza. Pole na macho, tunakuombea.

Dada, barua yako imefika siku mbili baada ya sisi kuhama. Ndiyo, tumehama. Kompyuta zote ni mpya, mfumo ni mpya, na anga haikuanguka. Ukiingia asubuhi unabonyeza mara moja na mashine imeamka, siyo ile yako uliyokuwa unaibembeleza kama mgonjwa, unaipiga ubavuni, unaizima ipumzike, kisha unatufokea sisi kwamba tumeitazama vibaya. Wateja walikuwa wanatutumia mafaili hatuyafungui. Nilikuwa naona haya kupokea simu.

Usiwe na shaka na kazi za zamani. Mafaili yote yamenakiliwa. Nilikaa mwenyewe nikahakiki jina kwa jina: mabango, lebo, kalenda, na ile folda ya herufi za Baba. Zote zipo. Bwana Suluhisho (ana jina la kwao, ila wewe umeshaamua) aliniambia kuhakiki si lazima, lakini mimi nikahakiki, kwa kuwa nilijua ungeuliza.

Zile za zamani nimempa muuza mitumba wa kompyuta. Alikuja na pikapu akazibeba. Kwenye nafasi iliyobaki, pale ulipokuwa unakaa, nimeweka kochi la wageni. Wageni wamelisifu.

Maji nimeshayavulia nguo, acha niyaoge.

Mdogo wako,
Mkurugenzi


Nyumbani kwa Mama
19 Machi

Mkurugenzi,

Marahaba. Mama amefanyiwa upasuaji na amefungwa bandeji. Daktari karidhika. Ile sehemu ya salamu nimemsomea, na ya kochi pia, akacheka. Hii iliyobaki naiandika peke yangu, na yako ya kunijibu iandike pembeni.

Umehakiki majina. Hongera. Siku ukipelekewa jeneza utahakiki kibao cha jina juu yake kisha urudi nyumbani umefurahi kwamba mgonjwa yupo.

Nitakueleza taratibu, kama ninavyomweleza mtu anayeuziwa kochi. Kwenye mashine zetu, faili la herufi lina sehemu mbili: moja inaonekana, nyingine imefichwa. Herufi zenyewe zinakaa kwenye ile iliyofichwa. Huo mfumo wako mpya haujui kwamba kuna iliyofichwa, kwa hiyo ulinakili ile inayoonekana tu, ambayo ndani hamna kitu. Jina linabaki palepale, limenyooka, linavutia wakurugenzi. Fungua folda, angalia ukubwa wa kila faili. Kama umeandikwa sifuri, umenakili maganda. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ile, siyo kupita tu na kikombe cha kahawa, angejua. Nilikwambia usiguse.

Na ukifungua kazi ya zamani, mashine haitakupigia kelele. Itaokota herufi nyingine zozote zinazofanana nazo kwa mbali, itaziweka mahali pa zile, na kuendelea kwa uso mkavu. Bwana Suluhisho wako anafanana nayo sana katika hilo.

Nitumie pakiti ya maziwa iliyochapwa kutoka kwenye hizo mashine mpya. Nataka kuishika mkononi.

Dada yako


Ofisini
27 Machi

Dada, shikamoo.

Mama, pole na bandeji. Wajukuu wanakusalimu. Mdogo wao ameng'oka jino na anataka ujue.

(Hapa geuza, ni yako.)

Nakutumia pakiti. Imetoka kiwandani juzi, maelfu yake yako madukani sasa hivi. Meneja wa maziwa aliitia saini bila neno. Mpiga chapa hakusema neno. Mimi nimeitazama mbele, nyuma na ubavuni. "Maziwa" imeandikwa "maziwa". Ng'ombe yuko mahali pake. Hakuna kilichobadilika, dada yangu, isipokuwa wewe hupo ofisini kutuambia kwamba tunakosea.

Ukubwa wa mafaili sikuuangalia, na sitauangalia. Mtu akisimamia ofisi hatembei na rula akipima kila faili. Nimechoka kusikia kwamba mkono wa Baba umeurithi wewe na mimi nimerithi kikombe cha kahawa. Baba alipokuwa anatafuta wateja ni mimi niliyekuwa nafuatana naye, na hakuwahi kuniambia kwamba mashine ni kaburi lisilofukuliwa.

Itazame pakiti, kisha uniombe radhi. Kwa maandishi.

Mdogo wako


Nyumbani kwa Mama
2 Aprili

Mdogo wangu,

Pakiti imefika. Radhi haimo humu, usiitafute.

Siku ilipofika ndiyo siku Mama aliyofunguliwa bandeji. Nilikuwa nimekaa naye jikoni nikiipasua bahasha. Sikuhitaji hata kuitoa yote. Mtoto wa Baba, unayejiita mkurugenzi wa ofisi ya wachoraji, ulishika kitu hiki mkononi, ukakitazama mbele, nyuma na ubavuni, na hukuona! Herufi a ya Baba ina tumbo lililoshuka kidogo. Hii yako imekaza tumbo kama askari gwaridani. Herufi z yake ina mkia unaopinda kurudi chini ya neno. Hii imekatwa mkia. Herufi m imesimama wima, haina ule mwegemeo wake. Hii ni herufi ya fomu ya benki. Umewapelekea watu maelfu ya pakiti zilizoandikwa na mtu asiyekuwepo.

Nilitaka kuificha, lakini Mama alishaninyang'anya. Akaisogeza dirishani, akafunga jicho moja, akalifungua, akafunga la pili.

"Nani kaharibu a yangu?" akauliza.

"A ipi, Mama?"

"Hii. Tumbo lake limekwenda wapi? Na z, nani kaikata mkia?"

Nikamwambia ni hitilafu ya kiwandani, apumzike. Hakupumzika. Aliishika ile pakiti mpaka chai ikapoa, ananung'unika, "A yangu, a yangu." Daktari alishatuonya kwamba dawa zinaweza kumchanganya siku za mwanzo. Masikini, amechanganya vitu vya mumewe na vyake. Roho iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu mwanamke aliyetoka kufunguliwa bandeji ameona kwa mara moja kile ambacho wewe hukukiona kwa wiki nzima.

Nenda kwa huyo muuza mitumba leo. Leo hii hii. Irudishe mashine yangu, hata kama itabidi umpe kochi.

Dada yako


Ofisini
10 Aprili

Dada, shikamoo. Mama, nasikia sasa unaona. Alhamdulillahi. Hiyo pakiti ilikuwa na kasoro ndogo ya kiwandani, inarekebishwa, usijisumbue nayo.

(Karatasi ya pembeni.)

Kwanza nimemwuliza meneja wa maziwa, bila kumweleza mengi, kama ameona tofauti yoyote. Akasema ndiyo, sasa inasomeka vizuri zaidi. Nakuandikia hili siyo kukuudhi. Ni yeye kasema.

Pili, mashine. Nilikwenda. Yule muuza mitumba ana utaratibu wake: kila kompyuta inayoingia kwake inasafishwa siku hiyo hiyo, ndani haibaki kitu, kisha inauzwa. Yako iko kwenye ukumbi wa vijana, wanachezea mpira wa kwenye skrini. Nimeiona. Ina stika ya simba pale ulipokuwa unabandika ratiba yako. Nimemwita fundi akaifungua na kuichokonoa. Hakupata kitu. Na ukubwa wa mafaili nimeuangalia. Ni sifuri, yote, kuanzia a mpaka z.

Bwana Suluhisho nimempigia simu. Alisema hilo ni suala la awamu ya pili, halafu akakata.

Dada, nikwambie kitu na usinicheke. Nimeweka pakiti mbili mezani, ya zamani na mpya, sambamba. Nimesoma barua yako kwa sauti, tumbo, mkia, mwegemeo, nikifuata kwa kidole. Ukiniambia naona. Nikigeuka nikirudi, sioni tena. Nimekaa na Baba miaka yote hiyo na sioni. Naogopa, dada. Nimeupoteza mkono wake na sikujua kwamba nilikuwa nimeushika.

Mama asijue.

Mdogo wako


Nyumbani kwa Mama
16 Aprili

Mdogo wangu,

Sikucheka. Niliisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa.

Lakini usidhani kwa kuwa umelia nitakubembeleza. Macho hukuwa nayo tangu utotoni. Uliwahi kupaka ukuta wa chumba chetu rangi mbili tofauti na kusema ni moja. Kilichokuwa kazi yako ni kuniacha mimi nione kwa niaba yetu, na hata hicho kilikushinda. Na huyo meneja wa maziwa, anayeona fomu ya benki inasomeka vizuri zaidi, mwache anywe maziwa yake.

Nitazichora upya. Pakiti ya zamani ninayo, na makopo ya jikoni yapo, kwa hiyo baadhi ya herufi nazipata kwa kufuatisha. Zisizo kwenye makopo nitazitunga, maana mkono wa Baba ninao. Nimeanza na g. Nimechora g mpaka karatasi zimekwisha, na kila moja inatoka imevaa viatu vya mtu mwingine. Sijui ni nini. Labda meza hii ni fupi. Labda ni Mama, kwa sababu haondoki. Anakaa pale karibu na jiko, ameshika kisu na kitunguu, ananitazama na kutikisa kichwa. Jana alisema, "Hiyo haina sikio." Nikamwuliza sikio gani, akasema nikate kitunguu.

Akili bado hazijamtulia vizuri. Tukubaliane: tutamwambia kila kitu kimerudi kama zamani. Mzee kama yule hafai kupewa habari kwamba kitu cha mwisho cha mumewe kimefutwa na mwanawe ili wageni wapate mahali pa kukaa. Acha aishi akijua mkono wa Baba upo.

Dada yako


Ofisini
22 Aprili

Dada, shikamoo. Mama, habari njema: ile kasoro imerekebishwa, a imerudi na tumbo lake. Pakiti nyingine utaletewa karibuni.

(Pembeni.)

Hayo ndiyo tuliyokubaliana, nimesema uongo wangu, umsomee vizuri bila kukunja uso.

Kwa hiyo mkono wa Baba unao, ila g haitoki. Miaka yote hii nimepigwa na huo mkono kichwani, kumbe una herufi za kwenye makopo tu! Nyani haoni kundule, dada. Angalau mimi nimesema kwamba sioni. Wewe unalaumu meza.

Fanya haraka. Watu wa biskuti wanataka lebo yenye "herufi zile zenu za kizamani", na kwenye biskuti hakuna neno "chumvi".

Mdogo wako


Jikoni kwangu
29 Aprili

Mwanangu,

Dada yako amekwenda kununua dawa ya matone, nami nimechukua kalamu yake. Yeye nimemwandikia nakala yake, nimeiweka kwenye kopo la sukari, maana hawezi kumaliza nusu siku hajalifungua.

Marahaba kwa shikamoo zako zote hizo. Jino la mjukuu wangu nimelisikia, mpe pole.

Nyinyi wawili mlinipeleka hospitali nitolewe ukungu machoni. Nimetolewa. Kisha mkaendelea kuandikiana barua mbili mbili, moja ya kunisomea na nyingine ya chini ya godoro, katika nyumba ambayo mimi ndiye ninayetandika vitanda. Mlitaka nione ili nitazame nini, dari? Barua za chini ya godoro nimezisoma zote, zako na nakala za zake, maana dada yako hatumi barua bila kubaki na nakala. Nimesoma kwamba akili zangu zimechanganyika. Nimesoma kwamba nisiambiwe. Niliposomewa jana kwamba a imerudi na tumbo lake, nilimtazama dada yako usoni wakati wote anasoma, naye akasoma vizuri sana, hakukunja uso. Kwa uongo mmelelewa vyema, na hilo sina wa kumlaumu ila mimi na baba yenu.

Sasa sikilizeni. Baba yenu alikuwa mtu mwema, ana sauti ya kuingia nayo kwenye ofisi za watu, ana miwani. Kuchora hakujua. Akichora duara linatoka kiazi. Herufi zile nilizichora mimi, kwenye meza hii ya jikoni ambayo dada yako anasema ni fupi, saa ambazo mlikuwa shuleni. Mkikaribia kurudi nafunika wino, nafunua sufuria. Yeye alizipeleka ofisini akasema ni zake, kwa sababu wateja wa wakati ule walitaka kumwona mwanamume, na mimi nilikubali kwa sababu sikuweza kukaa na wateja bila kuwatukana. Baadaye uongo ukazeeka, yeye akaona haya kuutoa. Mimi nikasema nisubiri, mmoja wenu ataona mwenyewe. Sikudhani ningesubiri mpaka niwe kipofu kisha nipone.

Makopo! Eti alinipenda mpaka akaniandikia chumvi. Baba yenu, Mungu amrehemu, hakujua chumvi inakaa wapi. Na majina kwenye majalada ya madaftari yenu ya shule, yenye a hiyo hiyo ya tumbo, mlidhani aliyaandika nani, mwalimu?

Wewe nimekudharau kidogo kuliko dada yako, kwa hiyo furahi. Wewe huna macho, na umesema huna. Yeye anayo. Aliufuata mstari wangu kwenye skrini miezi mingi, halafu jioni anakuja hapa, anakaa, ananisimulia ule mkono wa Baba ulivyo wa ajabu, na mkono wenyewe unampakulia chakula. Hakuutazama hata siku moja. Mlinakili jina la baba yenu mkaacha kilichofichwa nyuma yake, sasa mnamlaumia nini Bwana Suluhisho? Nyinyi mlimtangulia.

Yatosha. Herufi g ina sikio dogo juu upande wa kulia, na za dada yako hazina, ndiyo maana zote zinatoka zimevaa viatu vya watu. Njoo Jumamosi. Leta karatasi nyeupe ngumu, wino mweusi usiochuja, na kalamu yenye nibu pana. Hiyo kompyuta mpya ibebe pia, nasikia inameza picha, kwa hiyo haina ubaya wowote, ubaya ulikuwa wa watu. Bwana Suluhisho mwache kwenye kochi. Asubuhi mkono unatetemeka, ikifika mchana unatulia. Nitaanza na a, na mtakaa pande zote mbili za meza mtazame, bila kusema, mpaka nifike z.

Na uje umeshiba. Dada yako nimeshamwambia ajipikie. Mkono huu una kazi.

Mama yenu